Wanapendana huku wanabishana

Kuna kipande kwenye It Happened One Night, muvi ya mwaka 1934, ambacho mi hukirudia kila nikichoka na mambo ya dunia. Clark Gable ni mwandishi wa habari aliyefukuzwa kazi, Claudette Colbert ni binti wa tajiri aliyemtoroka baba yake, wamekutana kwenye basi, mvua imeharibu njia, wamelala chumba kimoja cha wasafiri na katikati ya vitanda viwili jamaa kafunga kamba akaning'iniza blanketi ili heshima iwepo. Asubuhi wapelelezi waliotumwa na mzee wanaingia kumtafuta binti. Hawa wawili mpaka dakika ile hawapatani, kila mmoja anamuona mwenzake ana kiburi. Lakini hawajapanga kitu, hawajakonyezana, Gable anaanza kufoka kama mume aliyechoshwa na mke wake, na Colbert anadaka palepale, analia, anajibu kwa kelele, wanatukanana mpaka wale wapelelezi wanaona aibu wanaondoka. Mlango ukifungwa wanabaki wanacheka wao wawili.

Hapo ndo wamependana. Hakuna muziki wa kutuliza, hakuna mtu kamtazama mwenzake kwa jicho la kulegea, ila mtazamaji unajua kabisa kwamba imeshakuwa, kwa sababu umeona watu wawili wametupiwa mchezo bila maandalizi na wote wameujua.

Ukiwauliza watu utamu wa zile komedi za mapenzi za Hollywood uko wapi, za kuanzia miaka ya 30 hadi 60, wengi watakuambia magauni, suti zilizokaa, ile picha isiyo na rangi inayofanya kila sura ing'ae, na ustaarabu wa zamani. Sibishi, magauni ni mazuri. Ila magauni yapo kwenye muvi nyingi za kipindi kile ambazo leo hazikaliki, unasinzia dakika ya ishirini. Zilizobaki, zile ambazo ukimuwekea mtu wa leo anacheka mahali palepale walipocheka watu wa 1937, zina kitu kimoja zote: mapenzi hayaelezwi, yanachezwa. Mdomo ndo unapenda kwanza, na ishara kwamba fulani ni wa fulani ni kwamba wakiongea, au wakidanganya pamoja mbele ya watu, hakuna anayemuacha mwenzake nyuma.

Chukua The Awful Truth ya 1937. Cary Grant na Irene Dunne ni mke na mume wanaoachana, talaka iko njiani, kila mmoja anahangaika na mchumba mpya. Siku moja Grant anamvamia mke wake akidhani yuko na mwanaume, kumbe mama wa watu anaimba mbele ya wageni waliokaa kistaarabu, basi jamaa anajikalisha kwenye kiti nyuma, kiti kinamtelezea, anaanguka yeye na kila kitu. Dunne anaona, yuko katikati ya wimbo, na anamalizia noti za mwisho kwa kicheko kidogo kilichokaa ndani ya wimbo wenyewe. Kicheko kile kimoja kinakuambia ndoa hii haijafa. Baadaye zamu inageuka: Grant yuko nyumbani kwa familia ya mchumba wake tajiri, wamekaa kimya wamenyooka, Dunne anaingia akijifanya ni dada yake, dada mshamba asiye na adabu, anaimba, anatikisa kiuno. Grant alipaswa kukasirika. Mtazame usoni, anakula raha. Wale matajiri hawajui kwamba pale sebuleni mtu anatongozwa na mke wake mwenyewe.

Dairekta wake, Leo McCarey, alikuwa anakuja lokesheni na vipande vipya vya siku hiyohiyo, anawaambia waigizaji jaribuni hivi, jaribuni vile, na Grant aliogopa sana mtindo huo mpaka akaomba aachiwe atoke kwenye hiyo kazi. Hakuachiwa. McCarey akapata Oscar ya uongozaji, na Grant akatoka pale akiwa ni Cary Grant tunayemjua. Nadhani ule woga ulisaidia, maana mtu ambaye hajui mwenzake atasema nini inabidi amsikilize kweli, na ukiangalia uso wa Grant kwenye hii muvi unaona mtu anayesikiliza.

Tukirudi nyuma kidogo, kwa nini kipindi kile? Sababu ziligongana kwa bahati. Muvi zilianza kuongea kibiashara mwaka 1927, na ghafla Hollywood ikahitaji watu wanaojua maneno, kwa hiyo ikawabeba waandishi wa tamthilia wa New York na waandishi wa magazeti, watu kama Ben Hecht aliyekulia kwenye chumba cha habari Chicago, watu waliozoea kuchapa haraka na kujibizana haraka. Mwaka 1929 uchumi ukaanguka, watu wakawa na hamu ya kuona binti wa tajiri akishushwa kwenye basi akashea karoti na mtu wa kawaida. Na kutoka Ulaya wakawa wameingia watengeneza muvi kama Ernst Lubitsch wa Berlin, na baadaye Billy Wilder aliyeukimbia utawala wa Hitler mwaka 1933, wakaja na jicho la watu ambao walishaona mengi.

Halafu kuna ile sheria. Mwaka 1930 studio kubwa zilikubaliana kanuni za maadili, zikawa zinapuuzwa puuzwa tu mpaka katikati ya 1934 alipowekwa Joseph Breen kusimamia, na kuanzia hapo muvi isiyo na cheti chake haikuingia kwenye majumba ya studio kubwa. Kitanda kikawa shida, uzinzi ukawa lazima uadhibiwe, hata neno moja lilijadiliwa kwa barua. Waandishi wakafanya nini? Wakahamishia kila kitu mdomoni. Kwa mtu aliyekulia Pwani hili halina ugeni wowote. Mwanamke anapita mbele ya nyumba ya mtu na kanga, hajafungua mdomo, na mtaa mzima umeshasoma ujumbe umeenda kwa nani. Taarabu nayo ndo hivyohivyo, fumbo linaimbwa ukumbini kila mtu anacheza, mmoja tu ndo moyo unamruka. Mtu aliyezuiwa kusema hatulii, anajifunza kusema kwa njia nyingine, na hiyo njia nyingine mara nyingi inakuwa tamu kuliko kusema wazi. Ndo maana mi naona The Lady Eve ya 1941 ina joto kuliko muvi nyingi za leo zinazoonyesha kila kitu. Barbara Stanwyck, tapeli wa karata kwenye meli, kamkalisha Henry Fonda chini pembeni ya kiti chake, mkono wake uko kwenye nywele za jamaa, anaongea tu, taratibu, kamera haikati, na Fonda hawezi hata kumeza mate vizuri. Kwisha. Breen angekata nini hapo?

Na kwenye hiyohiyo muvi Stanwyck anarudi baadaye akijifanya mwanamke mwingine, bibi mkubwa wa Uingereza, sura ileile hajabadilisha hata nywele za maana, na Fonda anajishawishi kwamba hawezi kuwa yuleyule kwa sababu wamefanana mno, angekuwa ni yeye angejaribu kujificha. Mantiki ya mtu aliyependa hiyo, imepinda lakini kaishikilia.

Hapo naomba niseme na upande mbaya, kwa sababu nazipenda hizi muvi na sitaki kuzifunika. Kanuni zilezile zilizozaa mafumbo zilikataza pia mapenzi kati ya mtu mweusi na mzungu yasionyeshwe kabisa. Watu weusi kwenye hizi komedi wanafungua mlango, wanabeba mizigo, wanaleta kahawa, halafu wanatoka. Hattie McDaniel alikuwa na uwezo wa kuchekesha uliozidi wengi wa wale stelingi, na usiku wa 1940 alipokuwa mtu mweusi wa kwanza kushinda Oscar alikalishwa kwenye meza ya pembeni, mbali na wenzake wa muvi iliyompa ushindi huo. Ukiwaza ni komedi ngapi za mapenzi angeweza kuzibeba, unapata hasira, na hasira hiyo ni ya haki. Na wanawake nao, pamoja na midomo yao yote, kuna mahali wanarudishwa. Philadelphia Story ya 1940 inaanza na Grant kumsukuma Katharine Hepburn usoni mpaka anaanguka, tunatakiwa tucheke, na katikati baba anamwambia binti yake kwamba yeye baba kutoka nje ya ndoa kuna lawama ya binti ndani yake. Kila nikifika hapo naumia, halafu James Stewart anaingia amelewa na naendelea kuangalia. Sijapata namna ya kuvipatanisha hivi viwili na sidhani kama nalazimika.

Hepburn mwenyewe ana stori ambayo ni komedi tosha. Mwaka 1938 wenye majumba ya sinema walilipia tangazo la kutaja mastaa waliodaiwa kuwa ni sumu ya tiketi, jina lake likiwemo, na mwaka huohuo Bringing Up Baby, muvi ambayo leo inasomeshwa vyuoni, haikufanya vizuri sokoni. Akanunua uhuru wake kutoka studio, akarudi New York jukwaani na tamthilia ya Philadelphia Story iliyoandikwa kwa kumlenga yeye, haki za muvi zikanunuliwa na tajiri Howard Hughes akampa, kwa hiyo Hollywood ilipoitaka tamthilia ikakuta haiwezi kuipata bila kumchukua na yeye mwenyewe, na masharti yake juu. Yaani mwanamke aliyeambiwa hauziki akarudi akiwa ndo muuzaji. Ukijua hilo, ile namna anavyonyanyua kidevu kwenye muvi inakuwa na maana nyingine.

Na Grant. Huyu ndo moyo wa jambo lenyewe kwangu. Jina lake la kuzaliwa ni Archibald Leach, mtoto wa familia ya kawaida Bristol, Uingereza, alizaliwa 1904. Akiwa mtoto mama yake alipotea nyumbani, akaambiwa kasafiri, na alikuja kujua akiwa na miaka zaidi ya 30, ameshakuwa staa, kwamba mama yuko hai, alikuwa kafungiwa hospitali ya magonjwa ya akili miaka yote hiyo. Utotoni alitoroka na kundi la wacheza sarakasi, akaingia nalo New York mwaka 1920, akitembea juu ya magongo marefu na kubinuka jukwaani. Kwa hiyo unapomuona kaanguka na kile kiti kwenye The Awful Truth, yule si mtanashati aliyepata ajali, ni fundi. Na ile lafudhi ambayo si ya Uingereza wala ya Marekani aliitengeneza mwenyewe, kama alivyotengeneza jina na mwendo. Nadhani watu wanampenda kwa sababu wanahisi, hata bila kuambiwa, kwamba ule uzuri ni kazi. Mtu aliyezaliwa mzuri akakaa tu anachosha haraka. Huyu yuko tayari kuvaa gauni la kulalia la manyoya kwenye Bringing Up Baby, akaruka hewani mbele ya bibi wa watu, na bado unamtaka awe shemeji yako.

Mwenzake wa ukweli kwa mdomo, mi naamini, alikuwa Rosalind Russell kwenye His Girl Friday ya 1940. Ile tamthilia ya asili mhusika mwandishi wa habari alikuwa mwanaume, dairekta Howard Hawks akamgeuza mwanamke, akamfanya pia mke wa zamani wa mhariri, ambaye ndo Grant, na kuanzia hapo kila ugomvi wa kazi ukawa pia ugomvi wa ndoa. Wanaongea juu ya maneno ya mwenzao, sentensi ya mmoja haijaisha ya pili imeshapanda, mara ya kwanza unapotea kabisa, mara ya pili unaanza kusikia kwamba wanasikilizana vizuri mno. Russell amesimulia kwamba aliona Grant kapewa vichekesho vizuri kumzidi, basi akamlipa mtu wa matangazo kwa siri amwandikie mistari yake, na Grant alipogundua ikawa kila asubuhi anamuuliza leo una nini kipya. Mwanaume anayefurahi kwamba mwanamke kaja na silaha nzito zaidi. Hiyo haikuandikwa kwenye skripti yoyote lakini ndo muvi yote.

Huyohuyo Hawks, wengi hawaunganishi, ndo alikuja kwetu Tanganyika kutengeneza Hatari!, iliyotoka 1962, wakapiga picha Arusha na Momella chini ya mlima Meru. Watu wanaikumbuka kwa John Wayne na faru, ila iangalie tena ukiwa umetoka kuona Bringing Up Baby, utagundua mzee kairudia muvi yake. Kule kulikuwa na chui ndani ya nyumba ya watu wa mjini, huku kuna duma anaingia bafuni dada yuko ndani ya beseni la kuogea. Kule mwanamke anamvurugia mwanaume maisha mpaka anakubali, huku Elsa Martinelli anamvurugia Wayne kwa watoto wa tembo mpaka wenyeji wanamuita Mama Tembo. Ila mdomo umepungua, na nadhani ndo maana haiwaki kama ile ya kwanza, maana Wayne si mtu wa kujibizana, ni mtu wa kusimama. Na wenyeji wetu, wenye lugha iliyotoa hata jina la muvi, ni wachache mno waliopewa sentensi ya maana.

Hapa ndo nakumbuka vibanda umiza. Sisi tuliokulia kwenye vile vibanda tulizijua muvi kwa sauti ya mtafsiri anayeongea juu yake, na ilikuwa raha kubwa, ila ni wazi kwa nini zilikuja za ngumi na za kivita tu. Ngumi inabaki ngumi hata mtafsiri akiongezea chumvi. Ukiongea juu ya Russell na Grant, umeua kitu chenyewe. Kwa hiyo kizazi kizima hatukukutana na hizi komedi mpaka ukubwani, na mi nilipokutana nazo nilisikia kama nimenyimwa kitu, kwa sababu ni muvi ambazo watu wa kwetu, wapenda kujibizana, wapenda mtu aliyejaaliwa ulimi, wangezipenda tangu siku ya kwanza.

Roman Holiday ya 1953 angalau wengi wanaijua, kwa sababu ya Audrey Hepburn. Watu wanaongelea vespa na aiskrimu. Mi naomba uangalie dakika za mwisho. Binti mfalme kasharudi kwenye nafasi yake, waandishi wamepangwa mstari, Gregory Peck, yule mwandishi aliyezurura naye mjini wakapendana, yumo, na hawawezi kuambiana chochote. Anaulizwa mji gani umemfurahisha zaidi, anaanza lile jibu la kidiplomasia alilofundishwa, kila mji kwa namna yake, halafu anakatisha na kusema Rome. Ukumbi mzima umesikia, mmoja tu ndo kaambiwa. Kanga hiyo. Na mwandishi wa stori ile, Dalton Trumbo, naye alikuwa amezuiwa kusema, yuko kwenye orodha nyeusi ya Hollywood, ya watu walionyimwa kazi, jina la mwenzake likakaa kwenye kazi yake na Oscar ikaenda kwa jina hilo, mpaka 1993 ndo ikakabidhiwa kwa mjane wake.

Ukiniambia nichague moja tu nikae nayo, nitachukua The Shop Around the Corner ya Lubitsch, 1940. Duka la mabegi Budapest, wafanyakazi wanaogopa bosi, mishahara midogo. James Stewart na Margaret Sullavan wanafanya kazi kaunta moja na hawapikiki chungu kimoja, wakati huohuo kila mmoja anaandikiana barua na mtu asiyemjua, anampenda kupitia barua, na bila shaka unajua ni nani. Mwaka 1998 waliirudia kwa barua pepe kwenye You've Got Mail, na leo ungeifanya kwa meseji bila kubadilisha mengi, kila mtu anamjua mtu anayeongea vizuri kwenye simu halafu ana kwa ana ni mkavu.

Kwenye mgahawa, Stewart kashajua, Sullavan bado. Dada amekaa na kitabu na ua, anamsubiri wa barua, na Stewart anakuja kukaa mezani kwake kama mfanyakazi mwenzake wa kukera. Dada anamwambia Stewart hapana haja ya kumchimba ajue kuna nini ndani, kwamba badala ya moyo ana mkoba, badala ya roho ana sanduku la safari, na badala ya akili ana kiberiti cha gesi, tena kisichowaka. Ni matusi mazuri sana, na nimechukua muda kugundua kwa nini yanauma vile: mkoba na sanduku ni bidhaa za dukani kwao. Kamtukana kwa vitu wanavyouza pamoja kutwa nzima. Halafu kuna ile picha ya posta, tunaona kutoka ndani ya sanduku la barua, mkono wa Sullavan wenye glavu unaingia, unapapasa, hakuna kitu, kisha uso wake unainama kuchungulia. Sekunde chache tu bila neno lolote, kwenye muvi ya maneno.

Na mwisho ni mkesha wa Krismasi, duka limefungwa, taa zimezimwa, jamaa anajitambulisha kwamba wa barua ni yeye. Muvi nyingine ingeleta hotuba. Huyu dada anakumbuka kwamba wakati wa ugomvi aliwahi kuwa na mashaka na miguu yake, kwamba ana matege, basi anamuomba, kwa adabu kabisa, kama hatojali, apandishe suruali kidogo aone. Na Stewart, mwanaume mrefu vile, anainama pale gizani anapandisha suruali miguu yote miwili, soksi zinaonekana, anasimama anasubiri majibu.